Kilima cha Elia

Jumanne, 2 Septemba
Nyanya nzuri, bei ya kutupa. Nimekaa barabarani tangu asubuhi. Madereva wa malori wananunua kidogo, pole wananipa nyingi. Mwanangu Elia tulimzika Mei. Pole nimezichoka.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya ibada mwenyekiti wa kijiji alisimama. Wanataka kilima cha nyuma ya shule kiitwe Elia, kwa kuwa alikufa akilinda amani huko Kongo. Watu wakapiga makofi. Makofi! Nikatazama viatu vyangu. Nimepewa wiki nijibu.

Jumatano, 10 Septemba
Kwetu jina la marehemu hupewa mjukuu. Elia hakuacha mtoto. Wifi anasema nikikataa, jina litakwenda wapi? Nimemkasirikia kwa sababu kasema kweli.

Jumapili, 14 Septemba
Nimekubali.

Alhamisi, 18 Septemba
Jirani kapita na kuni kichwani, anasema katoka Elia. Nimeingia ndani, nimelia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mchana mtu alipita mbio akipiga kelele, "Elia inaungua! Elia inaungua!" Kilima kile huungua kila kiangazi. Wote tunajua, na hakuna aliyelifikiria hilo tulipokipa jina. Hata mimi. Gari la mwanangu liliungua huko Kongo, ndiyo maana jeneza halikufunguliwa. Nilikaa chini palepale kwenye matenga. Nawachukia wote.

Jumamosi, 11 Oktoba
Miaka yote moto ule tunauacha ujifie wenyewe. Jana walipanda kilimani. Wazee, wanakwaya, hata walevi wa kilabuni. Waliupiga kwa matawi mabichi mpaka jioni. Nusu ya kilima imepona.

Mwenyekiti kaja, masizi usoni, macho chini. "Mama Elia, turudishe jina la zamani?"

"Liacheni. Ila mwakani mfyeke barabara ya kuzuia moto mapema."

Kaitikia. Hakuuliza kama nimefarijika. Afadhali. Sijafarijika. Namtaka mwanangu.

Jumatatu, 1 Desemba
Mvua imeshika. Upande ulioungua umeota nyasi. Abiria wa basi la Mbeya kaniuliza kilima kile kinaitwaje, nikamwambia. Hakuuliza Elia ni nani. Alichagua nyanya ngumu, akapiga simu kwao. "Nimefika Elia, nanunua nyanya." Nimemwongezea mbili, nikageuka nisije nikamlilia mteja.