Simsim na Ufuta

Jumapili, 1 Februari 2026

Leo baada ya ibada Wanjohi, mume wa Mama, ametangaza mbele ya watu, sahani ya pilau mkononi, kwamba Oman ina njaa ya protini. Njaa ya protini — maneno yake hayo. Utadhani kuku wa Muscat wamempigia simu yeye binafsi hapa Carrollton, Texas. Eti wana petroli ya kuogelea lakini hawana mashudu. Mashudu ni makapi ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa mafuta, kuku wanakula. Mtu mzima, ana kazi yake safi ya kompyuta Plano, anaota makapi.

Watu walicheka kwa adabu. Mimi nilitazama viatu vyangu kama kawaida.

Angeota peke yake ningemwacha. Lakini Mama anamwamini. Yule mama wa Muscat mwenye kiwanda cha chakula cha kuku akikubali kununua mashudu yake, Wanjohi anaajiriwa huko na Agosti tunahama. Sote. Mwaka wangu wa mwisho wa shule. Nimehangaika tangu tuje nikitafuta mtu mmoja tu wa kula naye lunch, nikampata Merveille, na sasa kuku wa Oman.

Jumanne, 3 Februari

Wanjohi kabisha mlango, kaingia kabla sijajibu.

"Jep, wewe si ulisoma Malindi? Ninyooshee hiki Kiswahili."

Bi Zuwena — ndiye huyo mwenye kiwanda — ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, hataki Kiingereza. Na Kiswahili cha Wanjohi kimekunjamana kama shati lililosahauliwa kwa dryer.

Nikafungua slaidi. "Mazao madogo ya mafuta": alizeti, simsim, ufuta. Kila zao na protini yake, chini jumla nyekundu, nene.

Nikasoma tena. Simsim. Ufuta.

Ni kitu kimoja! Mzigo ni ule ule wa wakulima wa Lindi. Dalali wake wa Nairobi, Mutuku, kauita simsim; wakulima wenyewe wameuita ufuta. Wanjohi kauhesabu mara mbili, halafu anawaahidi Waomani.

Nilirekebisha sarufi. Nikaweka koma. Mistari ile miwili sikuigusa.

Alhamisi, 5 Februari

Wanjohi amefanya mazoezi jikoni, na tai, ya kumsomea Bi Zuwena slaidi kwa simu Jumamosi. "Ufuta," akamwambia Mama, "ni kama simsim tu, lakini wenyewe una heshima zaidi."

Nilimeza chapati nzima nisicheke. Mama alikuwa anamtazama vile anavyonitazamaga mimi nikileta ripoti ya shule.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nataka achekwe. Nataka yule bibi amcheke mpaka miwani imdondoke. Mungu anisamehe, lakini asubiri Jumamosi ipite.

Ijumaa, 6 Februari

Houston. Mimi, Mama na Wanjohi tumelala mtaa wa Gulfton kwa Polycarpe, mshirika wake Wanjohi. Mkongomani mkubwa, mpole. Alipoona ile suti akasema, "Ah, Wanjohi, unaenda kuoa kuku ao kumulisha?" Angalau mmoja ana akili.

Kisha mkewe, Mama Mado, akanipakulia sombe, kisamvu chao, akasema anamshukuru Mungu: Polycarpe ameshaaga kazi kule ghalani anakobeba mizigo. Mgongo wake umechoka. Mashudu yatawaokoa.

Hilo sikulijua.

Ningeweza kusema palepale. Mdomo ulijaa sombe. Kisha haukujaa, na bado sikusema.

Jumamosi, 7 Februari

Niko bafuni kwa Mama Mado. Simu ya Muscat bado iko hewani, nasikia sauti ukutani.

Bi Zuwena alisikiliza vizuri mpaka ile jumla. Akasema polepole, "Baba, hebu nifahamishe. Simsim na ufuta, kwenu ni vitu viwili?"

Hakucheka hata kidogo. Ingekuwa afadhali angecheka.

Wanjohi akaisoma tena ile slaidi. Polycarpe akanigeukia. "Lakini huyu mutoto njo alitengeneza hii papier, hii karatasi. Yeye anajua Kiswahili. Aliona, hapana?"

Na Wanjohi — huyu mjinga wa tai — akasema, "Mwache. Nilimwomba anyooshe lugha tu. Kosa ni langu."

Bi Zuwena akasema basi tuanze upya, na safari hii asome yule msichana, maana Kiswahili cha kwenye karatasi amekipenda. Nikasema naenda kunywa maji. Maji yako jikoni.

Hesabu bila ule mstari wa pili ni ndogo mno. Labda bado inatosha, labda haitoshi. Mimi ndiye nitakayeisoma kwa sauti, Polycarpe akinitazama.

Wanjohi ameita, "Jep, mama, njoo pole pole, hakuna haraka." Hajawahi kuniita mama.

Sasa kuna mtu mlangoni. Ni Mama, namjua kwa kubisha kwake. Hasemi nitoke. Anauliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, siyo Kiingereza chetu cha nyumbani:

"Jepchirchir. Ulijua?"