Pembea ya Idi na Ukungu wa Nyota

Alhamisi, 10 Mei 1956

Nimeumbuka leo! Nafasi moja tu imebaki darasa la sayansi, na mwenye kuitoa ni Mwalimu Ernesti. Kauliza galaksi, yaani mji mzima wa nyota, huanzaje. Nikasimama, nikakariri ukurasa wote bila kupumua, nayumba mbele na nyuma kama niko chuoni kwa Maalim nasoma Kurani. Darasa zima kicheko. Mwalimu hakucheka. "Shamsiya, umehifadhi. Sasa nieleze."

Ukungu wa gesi unajikusanya kwa uzito wake wenyewe, sawa. Lakini, akauliza, mbona unazidi kuzunguka mbio? Na mbona unakuwa bapa, usiwe duara kama chungwa? Kanipa mpaka shule ifunguliwe baada ya Idi nilete jibu. Nikishindwa — darasa la ushoni. Mimi na sindano wapi na wapi!

Ijumaa, 11 Mei

Mwezi umeonekana. Nimetwanga iliki mpaka mkono umekufa ganzi. Jibu bado. Nina hasira, sisemi na mtu.

Jumamosi, 12 Mei — Idi

NIMEPATA!

Wamefunga pembea kwenye mkwaju wa uani. Mama kasema msichana mkubwa hapandi. Alipoingia jikoni, nikapanda. Mdogo wangu Mastura akaisokota kamba mpaka mwisho, akaniachia. Miguu nimeinyoosha, nazunguka kwa madaha. Bibi Shariffa akapita karibu, nikaogopa kumpiga teke, nikaikunja. Lo! Mbio hizo! Nikanyoosha — ikapoa. Nikakunja — mbio tena. Na ncha za mtandio zimetanda pembeni, hazianguki.

Basi ndio ukungu wenyewe! Ukijikunja unazidi mbio. Kwa pembeni, mzunguko unauzuia usiporomoke katikati. Kwa juu na chini hakuna kizuizi, unadidimia tu. Ndio ubapa huo! Tambi za asubuhi nimezitapika zote. Sijali. Nina furaha mpaka machozi.

Jumatatu, 14 Mei

Baba kamwalika Mwalimu kula halua. Kaja na tai, viatu vinang'aa. Nikampa shikamoo, nikamtilia kahawa, kungoja shule nikashindwa. Nikaeleza yote mbele ya Baba, taratibu, bila kuyumba. Baba kashika kikombe, kasahau kunywa.

Mwalimu akauliza ukungu nani aliyeusokota kwanza. Nikamjibu haukuwahi kutulia kabisa. Ulikuwa na mwendo wake kidogo wa kuzunguka, na mwendo ule haupotei kwa kujikusanya. Akaitikia kwa kichwa. Lakini ya miguu akayakataa, eti ni kamba tu inajifungua. Nikamwambia ajaribu mwenyewe. Mama akajifunika uso kwa aibu.

Nimeingia ndani eti kuchukua maji. Uongo, naandika! Namwona dirishani: Mwalimu Ernesti kavua viatu, tai kaitia mfukoni, kakaa juu ya pembea miguu kainyoosha. Baba ndiye msokotaji! Kamba imefika mwisho. Sasa ananiita, kwa sauti ya mwanafunzi hasa:

"Shamsiya, nikunje lini?"