Ulivyomtetea Malkia Orena

Dada Conso,

Najua ungeanza kwa kucheka. Odette ameandika barua! Mimi ambaye hata kadi ya pole huwa natia sahihi tu chini ya jina la mwenzangu. Lakini ujumbe wa sauti siwezi kukutumia tena, na nimejaribu. Wiki ya kwanza baada ya kukuzika nilibonyeza, nikasema "Dada", nikaachia kidole. Mpaka leo ule ujumbe una alama moja ya kijivu. Binti yako Keza aliizima simu yako.

Basi nimekaa mezani hapa Grant Street, leo Jumamosi sina zamu kiwandani, chai imepoa na theluji ya Buffalo inafanya inavyojua. Kwanza nikupe habari. Keza amepata leseni ya udereva, anaendesha kama wewe, breki mguu mzima. Shemeji, mumeo, amejifunza kupika maharage, ingawa anayatia chumvi kama anayataka yakae mwaka. Kwaya yenu bado haijampata wa sauti yako ya pili, wanamsukumia mama mmoja ambaye anaimba ya kwanza na hajijui. Papa Amani, huko Columbus, amewekewa meno ya bandia mbele, sasa anatabasamu hata pasipo sababu.

Sasa vitabu. Nakumbuka ulivyokipata kile cha kwanza. Mwalimu wako wa Kiingereza pale Louisville alikuambia usome kitu unachokipenda, siyo karatasi za mazoezi tu. Ukaenda kwenye sanduku la vitabu vya bure, ukachukua kinene kuliko vyote, kwa sababu, ulisema, kama ni bure ni afadhali mtu abebe kilo nyingi. Hukujua kuwa ni cha kwanza kati ya vitano. Hukujua kuwa Marekani nzima walikuwa wanakisoma na kugombana mitandaoni juu yake. Hukujua kina majitu, wachawi, mito inayosema, na malkia ambaye ungemtetea mwaka mzima.

Halafu ukakikata. Nilipofungua bahasha nikakuta kurasa mia mbili zilizokatwa kwa kisu cha jikoni na kushonwa kwa uzi mweusi, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ulikuwa umefanya kama kule kambini Kigoma, tulipokuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza na watu watatu ambao hakuna aliyekubali kusubiri. Tulikikata vipande vitatu, wewe ukashika cha kwanza, Papa Amani cha pili, mimi cha mwisho, halafu tukawa tunapokezana. Ndiyo maana mimi hadithi zote za kambini nilizijua kuanzia mwisho. Huku Amerika angalau tulipata adabu. Vipande vilitoka kwako Louisville kwa mpangilio, vikapita Columbus kwa Papa Amani, vikaishia kwangu vikiwa na harufu ya nyumba mbili.

Sheria ilikuwa kwamba hupeleki kipande mbele kabla ya kuandika maoni yako pembeni ya ukurasa. Wewe kalamu nyekundu, mimi ya bluu, Papa Amani penseli, maana ni mwanaume anayependa kujiachia njia ya kurudi. Nimevitandaza vyote hapa mezani. "Huyu mchawi anaongea sana, hana kazi?" Hiyo yako. "Jitu limekufa bure," ya Papa Amani, kisha amefuta, kisha ameiandika tena. Kwenye kitabu cha pili, pale wanapotembea msituni sura sita nzima, niliandika "Mwandishi alilipwa kwa kilomita," nawe ulipokipata tena ukachora kichwa kinachocheka. Na lile la wamama wa kwaya waliposema unasoma mambo ya kichawi, ukawajibu kwamba hata kwenye Neno kuna punda aliyesema, na hakuna aliyemfukuza kanisani. Nililisimulia kiwandani. Mmarekani mmoja wa kwenye laini yetu ya kazi, ambaye alisoma vitabu vyote, alisema wewe ndiye msomaji pekee anayetaka kukutana naye. Yeye alikuwa anasema kitabu cha nne kingepunguzwa nusu. Tukabishana naye mapumziko matatu.

Kitabu cha nne. Nimekuwa nikizunguka ili nisifike hapo.

Mwisho wake, maadui wanauvamia mji wa Malkia Orena, na watu wa mashamba wanakimbilia ndani. Ndugu yake yuko nyuma, anawasaidia wenye kuchechemea. Malkia anamwona kutoka juu ya ukuta. Anaamuru lango lifungwe. Watu wote waliosoma kitabu hiki duniani wamegawanyika hapo, na sisi watatu pia tuligawanyika. Papa Amani alisema kwa sauti yake ya mzee wa kanisa, "Bon, ule malkia, alikuwa afanye je? Mi naona hakukuwa namna." Wewe uliandika kwa nyekundu, herufi kubwa, AMEWAOKOA WALIO NDANI. Na mimi, unanijua, niliandika "Muuaji."

Mwaka mzima tulilibishania. Nilifurahia, Dada, nikuambie ukweli. Nilikuwa nikitoka kazini natembea naongea na simu kama kichaa, nakutungia hoja. Sikuwahi kujiuliza kwa nini wewe, unayesahau majina ya majitu yote, hukuwahi kusahau hata neno moja la ukurasa ule.

Kikaja cha tano. Katika kipande cha pili malkia anapiga magoti kusali, na mimi nikawatumia ujumbe wa sauti, wewe na Papa Amani. Naikumbuka neno kwa neno, natamani nisingekuwa nayo kichwani. Nilisema, "Mtu aliyemfungia ndugu yake nje anasali kwa mungu yupi? Angekuwa na aibu angenyamaza." Nikacheka mwishoni. Ulisikiliza, niliona alama mbili za bluu. Ukanyamaza.

Wiki tatu. Nikasema amenuna, atapoa. Nikasema na mimi nina kiburi changu, sipigi wa kwanza. Jumanne moja asubuhi simu ikaita, Papa Amani, hakusema "bon" wala "donc" zake za Kifaransa, nikajua. Presha ilikuangusha jikoni, hukuamka.

Niliendesha mpaka Columbus, nikamchukua Papa Amani, tukashuka hadi Louisville. Tulipokaribia ndipo aliponiambia, akiangalia dirishani, "Dada Odette, ile maneno yako ya maombi, ilimuingia." Nilikasirika. Nikamwambia ni kitabu tu, ni malkia wa kitabu, hata hayupo.

Nyumbani kwako kulijaa. Wanawake jikoni, wanaume sebuleni, watoto ngazini na simu zao. Nilikuwa nimesimama na sahani ya wali mkononi shemeji alipoweka simu mezani, akafungua spika, ili Deo aombe. Deo, ndugu yako wa damu, siyo wa kambini tu kama mimi, aliyebaki kule. Sauti ilikuwa inakatika. Akasema, "Dada yangu alitangulia Amerika, sasa ametangulia mbinguni, mimi ni wa kufuata tu." Sahani ikanitoka mkononi.

Nilijua, Dada Conso! Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijua. Kila mtu wa mtaa wetu kambini alijua. Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni siku ile. Kesi yenu ya kuhamia Amerika ilikuwa imepita, lakini Deo alikuwa kwenye kadi nyingine ya chakula, na wakakuambia ukitaka aunganishwe, kesi inarudi mwanzo, mtasubiri tena, hawajui mpaka lini. Ulikuwa na watoto watatu, mdogo kifua kinambana. Deo alisimama nje ya uzio, akakupungia mkono kwamba saini. Ukasaini. Akasema atafuata. Miaka tisa.

Na mimi nikakuita muuaji kwa kalamu ya bluu. Nikakuambia usisali. Ulikuwa unasema nasoma kama mtu anayekimbizwa, na kweli, nilikimbia nikakupita wewe mwenyewe. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini ungejua ulivyo mzito sasa mdomoni mwangu.

Kipande cha tatu cha kitabu cha tano kilikuwa bado kwako. Niliona haya kukiuliza. Watu wanalia, wewe unatafuta hadithi? Nilikaa siku mbili nikiosha masufuria. Siku ya kuondoka, Keza akanifuata kwenye gari, kwa kile Kiingereza chake cha haraka, akasema amekikuta chini ya Biblia yako, akadhani ni changu. Sikukifungua mpaka nilipomshusha Papa Amani kwake. Nilikifungulia pale pale, kwenye maegesho, injini inaunguruma.

Niliogopa, nikufiche nini. Niliogopa nitakuta jibu langu kwa nyekundu. Nikafunua kurasa, maoni yako yapo, ya kawaida, umemtukana mchawi, umesifu farasi. Halafu pale mlinzi anapopiga baragumu, anatangaza kwamba kuna mzee amesimama nje ya lango peke yake, umeandika, "Odette, usianze."

Basi. Baada ya hapo pembeni pa kurasa ni peupe. Hukufika mbele.

Nililia mpaka Papa Amani akatoka nje na ndala, kwenye baridi ile, akaja kuzima injini.

Nikamaliza kusoma Buffalo. Nisikilize, maana hakuna mwingine wa kukuambia. Ni yeye, ndugu yake malkia. Hakufa. Malkia anashuka ngazi mwenyewe, bila taji, anafungua lango kwa mikono yake, na yeye anaingia na kumuuliza kama kuna supu. Wanakaa, anakula. Kitabu kimeisha. Kurasa zaidi ya elfu tatu na mtu anaomba supu! Niliona mwandishi ametukimbia. Yule Mmarekani wa kiwandani anasema nusu ya wasomaji wamekasirika kama mimi. Papa Amani amependa. "Mutu ametoka mbali, ana njaa," aliniambia. "Unataka atoe discours, hotuba nzima?"

Lakini nilichokaa kukuandikia ni hiki. Jumapili iliyopita nilimpigia Deo. Nilitaka kumwomba msamaha, kwa kuwa wewe siwezi kukuomba ukanijibu. Nilikuwa nimejipanga, nimefunga mlango, nimesali. Akapokea, tukasalimiana, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Odette, dada aliniacha pale baragumu inapolia. Nani yuko langoni?"

Hukutuambia. Miaka mitatu, kila Jumapili baada ya ibada, ulikuwa unamsimulia vyote, sura kwa sura, kwa Kirundi, na majitu yote umeyapa majina ya watu wa mtaa wetu. Jitu lililokufa bure limepewa jina la mwenye foleni ya maji. Nilicheka huku kamasi zinanitoka.

Nikamuuliza, kwa uoga, na wewe Deo unaonaje juu ya malkia? Akasema yeye ni wa malkia tangu mwanzo. Akasema mliligombania sana hilo, kwamba wewe ndiye uliyemlaumu. Wewe! Kwetu ulimtetea, ukifika kwa Deo unamsulubisha, na yeye anamtetea. Kila Jumapili. Akasema, "Nilimwambia dada, lango lisingefungwa wangekufa wote. Na yule wa nje alijua. Ndiye aliyempungia mkono." Nikamwambia Deo, kitabuni hakuna mahali anapunga mkono. Akasema, "Anapunga. Hamkusoma vizuri."

Sikumwambia nani yuko langoni. Nimemwomba anipe mpaka kesho nijipange, kwa maana ulikuwa unasimulia vizuri na mimi nakimbia. Nimeanza kuandika kwa Kirundi pembeni, polepole, kwa kalamu nyekundu, nimenunua. Nakuahidi kila Jumapili nitampigia. Tukimaliza hiki tutaanza kingine, na Papa Amani yupo kwenye laini, atake asitake. Na karatasi za kesi ya Deo alizokuwa anazifuatilia shemeji, sasa tunazifuatilia wawili, na mimi unajua nikianza kupiga simu ofisi za watu huwa hawalali.

Pumzika, Dada Conso wangu. Nisamehe, na kama ulikwisha kunisamehe, nisamehe tena, sitachoka kuomba. Malkia bado namlaumu, nisikudanganye. Wewe sikulaumu.

Mdogo wako,
Odette