Mvua ya Nyar Asembo

Jumatatu, 29 Machi 1971

Saa tatu kamili. Kipimo kikavu. Nimeandika sifuri, siku ya kumi na tisa mfululizo. Mwaka jana wakati huu mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mke wangu, Nyar Asembo, ameniletea uji. Sikuunywa. Tangu nistaafu reli nina kazi hii moja tu, isiyo na mshahara: kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi na kutuma kadi Kisumu kila mwisho wa mwezi. Naipenda kuliko nilivyoipenda reli. Ila sifuri zinanichosha.

Alhamisi, 1 Aprili

Milimita mbili. Sikusikia kitu juu ya mabati usiku, lakini kipimo ni chombo cha serikali, hakina sababu ya kudanganya. Mvua ya huku ina upendeleo. Inamnyeshea huyu, inamruka yule. Nimepiga mluzi mpaka wakati wa chai. Nyar Asembo alikuwa akinitazama mlangoni, anatabasamu.

Jumanne, 6 Aprili

Milimita tatu. Juzi mbili. Udongo chini ya kipimo mkavu kabisa, lakini jua letu hukausha kila kitu kabla hujamaliza kuvaa viatu. Jirani yangu, Mzee Ogola, ambaye shamba lake linapakana na langu, anasema hajaona hata tone. Nikamwonyesha daftari. Alilitazama kwa muda mrefu, akaenda zake. Watu ambao hawakufanya kazi ya ofisi hawaamini vyombo.

Jumatano, 14 Aprili

Afisa wa maji amekuja kutoka Kisumu na Landrova. Mwaka huu watachimba kisima kimoja tu cha pampu upande huu. Ni sisi au ni wale wa ng'ambo ya kilima. Palipo pakavu zaidi ndipo patakapoanza, na ukavu wanaujua kwa madaftari yetu. Akapekua langu, kurasa zote. "Mzee, kwako mvua iko. Wale wengine wako na sifuri tupu. Kamati inakaa Ijumaa, lakini mimi naona ni kama imeisha." Kisha akausifu mwandiko wangu.

Wanawake walikuwa wamesimama njiani na mitungi yao. Walisikia yote. Wakanipita bila salamu. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuelewa. Mvua imenyesha kwangu tu?

Alhamisi, 15 Aprili

Milimita mbili tena. Nilipomimina maji kwenye gilasi ya kupimia nikaona kitu kinang'aa. Gamba moja la omena, wale dagaa wa ziwani. Nililiweka kwenye ncha ya kidole nikakaa nalo juu ya jiwe. Mawinguni hakuna omena.

Nikamwuliza Nyar Asembo. Hakuficha. "Baba Achieng, ulikuwa huli. Kila siku unaandika sifuri, sifuri, mpaka nikaona ni wewe unaita njaa na hiyo kalamu. Nikaweka kidogo tu." Maji ya ziwani. Akirudi asubuhi na debe kichwani, kabla ya saa tatu, anapita kwenye kipimo kwanza, anachota vijiko vichache, anamimina, ndipo anaingia jikoni.

Nilimpigia kelele. Miaka thelathini ya ndoa, sijawahi kupandisha sauti vile. Aliendelea kuchambua mboga, kisha akaniuliza kama leo nitakula. Hasira ikaniisha papo hapo. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani amewahi kunihurumia hivyo. Lakini kisima kinatutoka, na kesho ndiyo Ijumaa.

Ijumaa, 16 Aprili

Basi la kwanza hadi Kisumu. Nimengoja nje ya ofisi, kofia mkononi. Nikamwambia afisa kwamba maji niliyamwaga mimi. Uongo. Lakini jina la mke wangu halitaingia kwenye faili ya serikali nikiwa hai. Akauliza kwa nini. Nikasema nilichoka kuandika sifuri. Hapo sikudanganya.

Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya Aprili yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Kamati inakaa saa nane, nitawaeleza. Lakini kipimo tutachukua, mzee. Hiyo ni lazima."

Nyumbani nimesema tu kwamba nimekwenda, nimesema, nimerudi.

Jumatatu, 19 Aprili

Wamekuja kuking'oa kipimo. Vijana wawili, dakika tano. Nimewaonyesha jinsi ya kuifunga gilasi isivunjike. Imeniuma sana. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 28 Aprili

Baraza la chifu. Kisima ni chetu. Watu wakapiga makofi. Chifu akaongeza kwamba nusura tukikose, kwa sababu ya mzee mmoja msomi aliyemwaga maji kwenye kipimo. Hakunitaja. Hakukuwa na haja, wote waligeuka. Nikatazama viatu vyangu.

Ndipo mtu akasimama upande wa wanawake. Nyar Asembo, ambaye hajawahi kufungua mdomo barazani. "Ni mimi nilimwaga. Mzee yangu hakujua. Alikuwa na huzuni, nikamwekea mvua." Akaketi.

Kisha mama mmoja akacheka, si kwa ubaya, na mwingine, na mwingine, hadi chifu naye. Mzee Ogola akanipiga begani. Mimi nililia mbele ya watu, mzee mzima. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nampenda mwanamke huyu, na sijamwambia.

Alhamisi, 29 Aprili

Hakuna cha kusoma leo. Mashine ya kuchimba itakuja baada ya miezi kadhaa, wanasema. Alfajiri alipochukua debe lake nilifunga mawili kwenye baiskeli nikamfuata. Akasema watu watacheka, mwanaume anateka maji. Nikasema wacheke. Tukateremka korongo, tukapanda, tukapita shule, tukapita kanisa. Ziwa halijaonekana bado. Jua likachomoza. Nikamwuliza kama tumekaribia. Akasema bado nusu.

Tukaendelea. Sikujua ni mbali hivi.