Mstari wa Datius

Nshambya, Bukoba
4 Februari 2025

Taata,
Tumsifu Yesu Kristo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima.

Daftari lako la ubatizo nimemaliza kulichapa, nalirudisha pamoja na barua hii. Programu niliyoandika inasaka kila jina lenye msalaba. Ikilipata haiubadilishi msalaba kibubusa, inampa karani mdogo wa akili bandia aliye ndani yake asome mstari wote. Akiona tarehe ya maziko anaandika “marehemu”. Asipoiona anauacha kama ulivyo.

Nimemjaribu kwa watu kumi tunaowajua. Tisa sawa. Wa kumi ni kaka yangu Datius, amemwandika marehemu. Mstari wake una msalaba na maziko ya 14 Agosti 2016. Nimekosea kuchapa?

Binti yako,
Evelyne

Muleba
10 Februari 2025

Evelyne binti yangu,
Milele na milele, amina. Mgongo ni ule ule. Mnyauko umechukua migomba miwili.

Hujakosea, wala karani wako. Siku hiyo Datius aliuza kipande cha kibanja, shamba letu la ukoo, pale alipozikwa mama yangu. Nikamzika daftarini. Katekista haandiki uongo, nami niliandika. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwache hivyo.

Taata

Nshambya
2 Machi 2025

Taata, shikamoo.
Pole kwa migomba.

Kumwambia karani amruke Datius, asimwandike marehemu, ni mistari miwili tu ya programu. Sitaiandika. Akimruka mmoja kwa ugomvi wetu wa nyumbani, nani atamwamini kwa wengine mia nne?

Kuna jambo nilikuficha. Datius yuko Ijuganyondo, anataka kufunga ndoa na Renatha baada ya Pasaka. Paroko anadai cheti cha ubatizo, na cheti kinatoka kwenye daftari lako. Marehemu haoi, Taata. Hata mimi bado nina hasira naye, ila nimemkumbuka. Maji hayazoleki, lakini wino hukatwa na aliyeuandika.

Binti yako,
Evelyne

Muleba
12 Aprili 2025

Evelyne,
Amani kwako. Hapa tunaamka salama.

Wiki sita sikujibu. Kwanza hasira, kisha aibu. Leo, mbele ya Paroko, nimekata ule msalaba na tarehe yake kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: “Yu hai. Kosa ni la katekista.” Nimetia sahihi.

Rekebisha mstari huo, umjaribu tena karani wako. Cheti nimeshakiandika kwa mkono, lakini sikitumi. Aje akichukue mwenyewe, na huyo Renatha. Ebitoke, ndizi za kuwapikia, vipo.

Taata yenu