Nyota kwenye Taa ya Oili

Jumapili, 3 Februari

Mdogo wangu,

Habari za siku? Mimi ni mzima, watoto wazima, na shule inaendelea. Natumaini nawe u mzima huko karakanani kwako na mbao zinakwenda.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na zako, kusema kweli, nami siku hizi sizipokei. Mama naye amechoka. Juzi nilimpa ujumbe akufikishie, akanijibu, "Mimi si posta. Nimewazaa wote wawili na midomo." Basi nimeamua hivi: kila Jumapili ya mwisho wa zamu yangu nikirudisha gari la baba hapa uani kwake, nitakuachia barua kwenye kisanduku cha dashibodi. Nawe ukimaliza wiki yako fanya hivyo hivyo. Ya msibani tuyaache hukohuko msibani. Humu tuandike ya gari na ya mama tu.

Sasa wiki hii ni yako. Mama anatakiwa kwenye mashine ya kusafisha damu Jumanne na Ijumaa asubuhi, na asichelewe, maana figo zake hazina namna nyingine. Najua unajua. Nakumbusha tu.

Kiti cha nyuma kimejaa vumbi la mbao, watoto wangu wamepiga chafya njia nzima. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akiliosha gari hili kila asubuhi mpaka majirani wakaliita Bibi Harusi. Angeliona leo sijui angesema nini.

Halafu kuna ile taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone. Imewaka nikikata kona, kisha ikazimika. Habari ya oili nilimwuliza mama, akanijibu vizuri, nikaridhika. Kwa hiyo sina la kuongeza.

Dada yako


Jumapili, 10 Februari

Dada,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo isipokuwa mgongo wangu, ambao unanikumbusha kila kitanda nilichowahi kubeba. Wewe na watoto natumaini hamjambo.

Barua yako nimeisoma nimekaa wima, mikono juu ya magoti, kama wale watoto wako wa chekechea. Vumbi nimelifuta. Mama nilimpeleka siku zote mbili na tulifika kabla lango halijafunguliwa, kwa hiyo ule wimbo wako kwamba mimi ni mtu wa kuchelewa, mtafutie mwingine.

Umesema ya msibani tuyaache. Nimeyaacha. Lakini ulisimama mbele ya wakwe na majirani ukasema baba amekufa sipo kwa sababu nilikuwa namalizia kitanda cha mteja. Neno kama hilo hata mtu akiliacha, lenyewe halimwachi.

Taa nimeiona. Mimi pia nilimwuliza mama habari ya oili, nikajibiwa, na sina kinyongo. Kama oili ni nzuri basi taa yenyewe ndiyo mbovu. Gari la zamani, waya zimechoka.

Mafuta nimeacha nusu tangi.

Mdogo wako


Jumapili, 17 Februari

Mdogo wangu,

Shikamoo yako sikuiona kwenye barua, lakini marahaba. Sisi tu wazima. Pole na mgongo, acha kubeba makabati peke yako kama winchi.

Mama anaendelea. Ijumaa alitoka kwenye mashine amechoka sana, nikamlaza kwenye kiti cha mbele tukarudi polepole. Taa ile siku hizi inawaka tukisimama kwenye foleni, na mama haiondolei macho. Anasema inamkodolea. Akaniuliza, "Una hakika hiyo haina neno?" Nikamwambia, "Mama, si wewe mwenyewe uliyesema oili imebadilishwa?" Akatazama dirishani.

Kwa kuwa ilikuwa inamnyima raha, nimeifunika. Kwenye mkoba wangu kuna zile stika za nyota za dhahabu ninazowabandikia watoto wakifanya vizuri. Nimebandika moja juu ya taa. Inakaa vizuri kabisa, huwezi kujua kama chini yake kuna kitu.

Usiibandue, mama atasumbuka.

Dada yako


Jumapili, 24 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimeianza na hiyo usije ukanipigisha magoti ubaoni. Hatujambo, mgongo umepoa.

Nyota nimeiona. Nimecheka peke yangu barabarani mpaka mtu wa bodaboda akanitazama. Miaka yote hii mimi sijawahi kupata nyota kwako, gari limepata.

Mama hajambo, ila miguu inamvimba kidogo kila ikikaribia siku ya mashine. Daktari anasema ni kawaida mradi asikose zamu.

Kitu kingine. Tukipanda ule mlima wa hospitali kuna sauti ndani ya boneti, tik tik tik, kama mtu anapigilia misumari. Mimi sauti ya nyundo ndiyo mkate wangu, sikuijali, nikafungua redio. Ila jana niliisikia hata redio ikiwa inaimba. Ukipata nafasi mwonyeshe fundi, wiki hii ni yako na gereji iko njia ya shuleni kwako.

Mdogo wako


Jumapili, 3 Machi

Najua utakuja kwa mama zamu ya jioni nikishaondoka, na unajua kwa nini. Barua hii nimemwachia muuguzi wa wodi.

Nakuandikia ilivyokuwa, usije ukasikia kwa jirani nusunusu. Ijumaa asubuhi tulikuwa katikati ya mlima wa hospitali. Ile sauti yako ya misumari ikawa kishindo, usukani ukawa mzito, gari likasimama. Nikawasha, halikugeuka hata kidogo. Mama yuko pembeni yangu ameshika mkoba wake mapajani. Watu walitusukuma pembeni. Tulipopata gari la kutupandisha na kufika, zamu ya mama ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine, tukaambiwa tusubiri nafasi. Nafasi haikupatikana. Jumamosi jioni akaanza kukosa pumzi, maji yamemjaa mwilini. Alilazwa akihema kama mtu aliyekimbia. Leo wamemweka kwenye mashine na anapumua vizuri zaidi. Asante Mungu.

Gari liko gerejini. Injini imenoki, imekufa kabisa. Fundi alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu. Akafungua nati ya chini, yakatoka matone mazito meusi kama lami. Akaniuliza mara ya mwisho kubadilisha ni lini. Nikasema juzijuzi, mdogo wangu kabadilisha. Akacheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Akasema oili hii haijaguswa tangu mzee yuko hai. Kisha akaingiza kichwa ndani ya gari, akaiona nyota. Akasema taa ile haikuombi, inakusimamisha. Ikiwaka unaegesha pembeni, unazima injini, unapima oili. Hufiki hata kona inayofuata.

Ulimwambia mama kwamba umebadilisha oili. Hukubadilisha. Ningesamehe uvivu, lakini kumdanganya mama, kwa habari ya gari ambalo uhai wake unapanda humo mara mbili kwa wiki! Wewe ni muongo, na sina zaidi.

Dada


Jumatatu, 4 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama anapumua vizuri na amekunywa uji wote. Hiyo ndiyo salamu yangu leo.

Barua yako niliisoma nimesimama koridoni, nikaisoma tena nimekaa. Dada, mimi sijawahi kumwambia mama kwamba nimebadilisha oili. Mama aliniambia *wewe* ndiye uliyebadilisha. Ndiyo maana niliandika sina kinyongo. Nilidhani umefanya kazi ya baba bila kuniambia, ili siku moja unitangazie tena mbele ya watu. Halafu usiku ule nikafikiri, angalau kafanya. Kumbe anajali.

Nikaingia wodini. Sikutaka kumwuliza, mgonjwa haulizwi, lakini alikuwa ameiona bahasha mkononi kwangu. Akasema, "Dada yako amekuandikia kuhusu oili." Nikasema ndiyo. Akageukia ukutani, akalia. Sijawahi kumwona mama akilia hivyo, hata siku ya baba alijikaza.

Nakuandikia alivyosema. Ulipomwuliza kama nimebadilisha, alitaka kukwambia hapana. Akaona ukisikia hapana utakuwa na neno jingine juu yangu. Akasema ndiyo. Basi wewe ukasema, "Ah, afadhali," na uso ukalainika. Anasema hajauona uso wako hivyo tangu msiba. Kesho yake nikamwuliza mimi, akaona anijibu vilevile, nami nikafurahi vilevile. "Nilitaka kila mmoja amshukuru mwenzake," akasema. "Kidogo tu. Ningeanzia hapo." Alikusudia kumwita fundi aje uani kimyakimya alifanye gari, lakini akitoka kwenye mashine hana nguvu hata ya kufungua geti. Na ile taa kila ikiwaka ilikuwa inamtazama yeye.

Tafadhali usimwulize chochote. Wala usimwonyeshe kwamba unajua. Mimi nimemwambia oili nzuri nayo huvuja, mambo ya magari hayo.

Na sauti ya misumari niliisikia mimi, nikafungua redio. Usijibebeshe peke yako.

Mdogo wako


Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, nasema hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Kusema kweli tangu jana sijakaa vizuri.

Nilikuita muongo. Neno hilo nalirudisha, nisamehe. Nimekaa na mama asubuhi yote nikamsuka nywele, sikumwuliza kitu. Nilimwambia tu kwamba fundi amekuta bomba limepasuka na hakuna mtu angeweza kujua. Akanitazama muda mrefu, akasema, "Mabomba hayana adabu." Nikakubali.

Nimefikiri sana. Sisi wawili tulikuwa na taa nyekundu mbele ya macho, na sauti, na gari ambalo baba alikuwa akilala chini yake juu ya mkeka kulibadilishia oili, sisi tumemshikia tochi tangu wadogo. Tulijua cha kufanya kuliko watu wengi. Kilichotushinda ni kuulizana neno moja, umebadilisha au hujabadilisha. Mimi nikaona bora nimpitie mama. Wewe pia. Na mzigo wote tukampa mtu ambaye hana figo za kuchuja hata maji yake mwenyewe. Naona aibu, ndugu yangu, na ninaogopa nikikumbuka anavyohema.

Ya msibani siyaandiki. Hayaandikiki, na mama hakutuzaa na kalamu. Kesho usinisubiri nje mpaka niondoke. Mimi nitakuwa kwenye benchi karibu na mlango wa wodi. Njoo mapema, uketi.

Dada yako


Jumapili, 19 Mei

Dada,

Salamu sina. Nimekusalimia asubuhi, na mchana, na jioni umenipigia kuniuliza kama nimekula. Nimekosa hata cha kuanzia barua. Lakini nimefungua kisanduku cha dashibodi nikakiona kitupu, nikaona aibu kukirudisha hivyohivyo.

Bibi Harusi anakwenda vizuri. Injini ya mtumba lakini ina adabu. Ukigeuza ufunguo, ile taa inawaka kidogo, kisha inazimika yenyewe gari likinguruma. Ndivyo inavyotakiwa, fundi kasema siku isipowaka kabisa ukiwasha, hapo napo tumwone. Mama sasa ndiye mkaguzi. Anakaa kiti cha mbele, anafunga mkanda, anainamia dashibodi, na hatuondoki mpaka aseme, "Imezimika, twende." Ijumaa nilitoa breki kabla hajasema, akanipiga kofi mkononi. Nyota yako ameibandika kwenye pochi ya kadi yake ya hospitali. Anasema sasa ni yake.

Filta ya zamani na kopo la oili chafu uliyoikinga Jumamosi nilipofungua nati chini ya gari viko kwenye mfuko nyuma ya kiti chako. Wapelekee gereji, usimwage mtaroni. Na ule mkeka wa baba uanike, bado una unyevu pale ulipomwaga. Kushika tochi unajua, beseni bado.

La mwisho. Mama aliniuliza leo, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba chumvi, "Safari hii nani kabadilisha oili?" Nimemwambia dada. Akasema, "Ah, afadhali." Wiki hii ni yako, lazima atakuuliza na wewe. Mwambie ni mimi.

Mdogo wako