Dakika Thelathini za Brynn

9 Oktoba 2023

Mpendwa Bi Maxine,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri gazetini, maana kalamu naiona nzito. Mimi ni msaidizi wa darasa la elimu maalumu katika mji wetu mdogo hapa Iowa, na mwezi wa nne nilimzika kaka yangu Orrin, ambaye utotoni shule ilimkataa kwa sababu alichelewa kusema, ikamwambia Mama akae naye nyumbani, na Mama kila asubuhi akamfungia mkate wa siagi ya karanga kwenye kopo la bati la chakula cha shule kama langu, naye akasimama nalo dirishani kulipungia basi la njano mpaka lipotelee nyuma ya mahindi, hadi sheria ilipobadilika akalipanda akiwa na miaka kumi na tisa, amevaa tai ya Baba, dereva akamwambia, "Umechelewa, mzee!" naye Orrin akacheka njia nzima.

Sasa ninaye Brynn, wa miaka tisa, ambaye mpango wake wa masomo, waliokubaliana shule na mama yake, unampa dakika thelathini za kusoma nami kila siku, lakini tangu shule ifunguliwe natolewa darasani kusaidia ukumbi wa chakula kwa kuwa watu hawatoshi, na yeye huniuliza, "Bi Verlene, leo tunasoma, au unagawa tena maziwa?" Ijumaa mkuu wa shule aliniletea karatasi ya dakika za Septemba, nijaze thelathini kila siku na kutia sahihi. "Ni karatasi tu, Verlene. Wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Usinitie matatani." Si mtu mbaya, mazishini alikuja na bakuli la viazi ambalo bado ninalo, nami nimebakiza miaka miwili nistaafu. Je, nitie sahihi? Kopo la Orrin bado liko juu ya friji.

Verlene

Verlene mpenzi,

Pole sana. Nimemwona Orrin na ile tai kana kwamba nilikuwapo. Lakini wewe nawe! Wiki sita unagawa maziwa kimya, na mama yake Brynn hajui lolote?

Usitie sahihi. Uongo ukigunduliwa, jina litakaloonekana ni lako, si la mkuu. Andika dakika halisi, tarehe kwa tarehe, hata kama ni sifuri. Kesho mpe mkuu barua fupi: mpango unasema nini, mmesoma siku ngapi, nani alikupeleka ukumbini, na umwombe amjulishe mama yake Brynn. Nakala moja mpelekee mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya, nyingine iweke ndani ya kopo la Orrin. Kipigie simu chama chenu cha wafanyakazi. Upungufu wa watu haufuti mpango. Wilaya itafute namna ya kumfidia mtoto masomo aliyokosa, na sheria inakataza kukuadhibu kwa kumtetea. Mkuu akikununia, mrudishie bakuli lake likiwa safi, urudi darasani.

Brynn akimaliza ukurasa wake wa kwanza peke yake, msimulie habari za Orrin. Nami mnikumbuke.

Maxine